Mnafu, Ukoo Wake na Binti Atakayeuchunguza

Katika kliniki za wajawazito za Machame, mhudumu anapomwuliza mama anakula nini nyumbani, jibu aghalabu huanza na ndizi, na haliishi kabla mnafu haujatajwa. Mama huuchuma kihambani chini ya kivuli cha migomba. Mboga hiyo huchambuliwa, huchemshwa, maji ya uchungu humwagwa, kisha huungwa kwa maziwa au mafuta kidogo, na familia nzima hula. Mhudumu kijana aliyesomea mbali na mlima huu huenda akataka kujua zaidi. Akilitafuta jina la Kiingereza la mboga hiyo katika simu yake, atakutana na maonyo ya sumu. Akifungua kitabu cha zamani cha kilimo, ataikuta katika orodha ya magugu. Basi amshauri nini mama aliyeketi mbele yake: aendelee kula, au aache?

Swali hilo dogo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maoni yangu ni kwamba linatutatiza kwa sababu elimu ya mimea yetu ilijengwa kwa muda mrefu bila kuwashirikisha wale walioishi na mimea hiyo kila siku, yaani wanawake. Tena hasara yake haiwaangukii wanawake peke yao. Humwangukia pia mgonjwa yeyote anayehitaji jibu la uhakika juu ya kile alichokula, alichokunywa au alichopewa na jirani.

Tuanze na mmea wenyewe. Kwetu huku mtu akijitambulisha kuwa ni wa ukoo wa Swai, Lema au Nkya, msikilizaji huanza kukisia kihamba chao kiko wapi na wamechanganya damu na nani. Mimea nayo ina koo zake. Elimu inayochunguza mageuko ya mimea hufanya kazi ya mzee anayekumbuka nasaba: huuliza mmea huu umetokana na upi, ulitengana na ndugu zake wapi, na umerithi nini kutoka kwao. Urithi huo si umbo la jani na rangi ya ua tu. Sumu hurithiwa, na dawa pia hurithiwa. Ndiyo maana nasaba ya mmea ni jambo la hospitali, wala si mchezo wa wataalamu waliofungiwa katika vyumba vya makumbusho.

Mnafu ni wa jenasi ya Solanum. Ndani ya jenasi hiyo hiyo wamo nyanya, viazi mviringo, bilinganya na nyanya chungu. Ukitazama ukoo mzima kwa upana wake, utawakuta pia pilipili, tumbaku na mnanaha. Kwa hiyo katika ukoo mmoja kuna chakula cha kila siku na kuna sumu kali, na jani la ndugu mmoja huweza kufanana na la mwingine machoni pa asiyelizoea.

Zaidi ya hayo, mnafu si spishi moja. Solanum americanum ina kromosomu 24, Solanum villosum ina 48, na Solanum scabrum, ile yenye majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokolea, ina 72. Hesabu hiyo inaonyesha jinsi jamii hii ilivyogeuka: seti za kromosomu zimerudufiwa na kuunganishwa hadi zikapatikana spishi mpya. Hata hivyo kwa miaka mingi vitabu viliziita zote kwa jina moja, Solanum nigrum, ambalo kwa haki yake ni la mmea uliojulikana kwanza Ulaya. Tena kwa Kiingereza jina la kawaida la mnafu linakaribiana mno na lile la Atropa belladonna, mmea wa Ulaya wenye sumu ya kuua, ambao ni wa ukoo huo mpana lakini si wa jenasi ya mnafu. Hapo ndipo mhudumu wetu kijana anapopotea njia. Anasoma habari za mmea mwingine akidhani anasoma habari za mboga ya mgonjwa wake.

Ni akina nani waliotegua kitendawili hicho? Mwaka 1997 mtaalamu wa nasaba za mimea Jennifer Edmonds na Profesa James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha kitabu juu ya jamii ya mnafu, wakieleza spishi zake na matumizi yake. Mwaka 2012 Edmonds huyo huyo akatoa juzuu ya ukoo wote wa mnyanya katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 Tiina Särkinen, Sandra Knapp na wenzao wakachapisha uchambuzi mpya wa minafu ya Afrika, Asia, Ulaya na Australia. Katika kazi zote tatu, jina la kwanza ni la mwanamke. Sisemi kwamba mwanamume hawezi kuhesabu kromosomu. Chweya alikuwa mwanamume, na mchango wake ni mkubwa. Nasema tu kwamba mboga iliyodharauliwa kwa vizazi ilipata heshima yake pale milango ya maabara ilipofunguliwa kwa watu wa namna zote.

Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya majina tu. La hasha. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na kadhaa wakafariki baada ya kula chakula cha msaada kilichochanganyika na sumu za aina ile ile inayopatikana katika mnanaha. Mtu aliyekula mnanaha hukaukwa na kinywa, mboni za macho yake hutanuka, moyo humwenda mbio, naye huweweseka asijue alipo. Huyo hatakiwi kusubiri nyumbani hata saa moja. Mtoto aliyekula matunda mabichi ya mnafu, yale ya kijani, yaelekea ataumwa tumbo, atatapika na kuharisha. Naye aletwe kituoni, lakini hali yake ni nyingine na matibabu yake ni mengine. Mhudumu anayeijua nasaba hutofautisha mambo hayo mawili mapema. Asiyeijua hutibu kwa kubahatisha.

Mwenye upungufu wa damu naye anahitaji elimu hiyo. Majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma na foliki, lakini chuma cha majani hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko kile cha nyama. Limau, chungwa au nyanya mbichi katika mlo huo huo husaidia. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia. Mgonjwa anayetumia dawa ya warfarini kuzuia damu kuganda anapaswa kujua kwamba vitamini K ya mboga hizi hupunguza nguvu ya dawa yake. Kwa hiyo asile nyingi ghafla wala asiziache ghafla, bali ale kwa kiasi kisichobadilika na amweleze daktari wake. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa sababu ya potasiamu. Mambo haya yote yanatokana na kuchukua jani la kihambani na kulichunguza kwa dhati.

Sasa tujiulize ni kwa nini uchunguzi huo ulichelewa. Jibu liko hapa hapa Machame. Lyamungu ina kituo cha utafiti wa kahawa tangu mwaka 1934, na leo ni makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa zao hilo. Kwa karibu karne moja kahawa imepimwa udongo wake, wadudu wake, magonjwa yake na mbegu zake. Ni jambo jema, nami silionei kijicho. Lakini chini ya mibuni ile ile, katika kihamba kile kile, ulikuwamo mnafu. Mboga za Kiafrika zilipata kituo chao cha kimataifa katika ukanda wetu mwaka 1992 tu, miaka 58 baadaye, huko Tengeru karibu na Arusha, ambako aina bora za mnafu kama Nduruma na Olevolosi zilishughulikiwa.

Sababu ya pengo hilo si ngumu kuielewa. Kwa desturi ya Wachaga kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi, mboga na maziwa vilikuwa mikononi mwa mama. Kahawa ilileta fedha za kigeni, na waliopanga utafiti walikuwa wanaume, wakoloni kwanza kisha wananchi. Hawakuwachukia akina mama. Hawakuuliza tu, kwa kuwa hawakuwahi kuichuma mboga ile wala kuipika. Sayansi hujibu maswali yanayoulizwa, na maswali hutoka katika maisha ya waulizaji. Fikiria lile jambo la kumwaga maji ya kwanza ya mnafu. Je, yanaondoa kiasi gani cha vitu vyenye uchungu, na je, yanaondoka na foliki kiasi gani? Swali kama hilo humjia upesi mtu aliyesimama mbele ya chungu.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya ni ushahidi wa jambo hili. Alizaliwa mwaka 1959, na alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa, mayai, samaki na nyama. Chakula chake kikawa mboga za asili zilizopikwa na wanawake wa nyumbani mwao, na mnavu, kama Wakenya wengi wanavyoiita, ni mojawapo ya mboga za aina hiyo. Alipoingia katika masomo ya kilimo alikuta mboga zilizomkuza hazimo katika masomo, au zimo kama magugu ya kung'olewa. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya uzamivu Uingereza, kisha akafundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kazi yake kubwa imekuwa mnavu, mgagani, mchicha, kunde, mlenda na ndugu zao: jinsi mbegu zinavyoota, mbolea inavyofaa, virutubisho vilivyomo, na namna wakulima, wengi wao wanawake, wanavyoweza kuzalisha mbegu bora wenyewe. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah katika kundi la wanasayansi wanawake.

Yeye ni mtaalamu wa kilimo cha bustani, si wa nasaba kama Edmonds au Knapp. Lakini kazi hizi mbili hushikana mikono. Mtaalamu wa nasaba husema mmea huu ni nani. Mtaalamu wa bustani husema unakuaje na unalisha vipi. Daktari husema unamfaa nani na kwa kiasi gani. Mmoja akikosekana, mgonjwa hupata jibu nusu. Na la muhimu zaidi ni kwamba udhaifu wa mwili wa mtoto mmoja wa kike, na mapishi ya nyumbani kwao, vilikuja kuwa ajenda ya utafiti. Laiti angezuiwa mlangoni, swali lake lingezuiwa pamoja naye.

Mlango huo haukufunguka wenyewe. Wangari Maathai alipopata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Dunia inamkumbuka kwa miti, lakini akiwa mhadhiri alipigania pia wanawake wapewe marupurupu sawa na ya wanaume, ikiwemo stahili ya nyumba. Somo lake lingali hai: haitoshi kumpokea binti darasani ikiwa baadaye atalipwa pungufu, atakosa nafasi ya kunyonyesha, au ataambiwa kwamba safari za utafiti porini hazimfai.

Kisha tuutazame mlima wenyewe. Kila mwaka maelfu ya wageni hupita lango la Machame kwenda kileleni, na njiani huyapiga picha yale majitu ya mimea yanayosimama katika baridi ya juu ya msitu. Mwaka 1995 watafiti Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha ushahidi wa vinasaba uliopendekeza kwamba jamii hiyo, ambayo leo imeenea katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki, huenda ilianzia Kilimanjaro. Yaani katika hadithi ya mageuko ya mimea duniani, mlima wetu ni ukurasa wa kwanza wa sura nzima. Wasimulizi wake wengi wamekuwa wageni, nasi tunawashukuru. Lakini mwaka 2013 Mtanzania Catherine Masao, akiwa mwandishi wa kwanza pamoja na wenzake wa nchi kadhaa, alichapisha utafiti juu ya historia ya nyasi za vilele vya milima yetu. Kwa hiyo njia imekwisha kuonyeshwa. Linalobaki ni kuipanua ipitiwe na wengi.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema hospitali zina upungufu wa dawa na watumishi, na mambo ya kukausha majani yangoje. Namjibu kwamba mgonjwa hangoji. Anakunywa mitishamba leo, pengine saa moja kabla ya kumeza vidonge vyetu, na kutojua hakutupunguzii kazi bali hutuongezea. Wa pili atasema sayansi ichague walio bora, bila kujali jinsia. Nakubali kabisa, lakini ubora hauwezi kupimwa kwa mtu ambaye hakufika kwenye mizani. Wanawake ni takriban theluthi moja tu ya watafiti duniani, na hakuna anayeweza kunishawishi kwamba akili imegawanywa kwa uwiano huo. Wa tatu atasema wapo pia wazee wa kiume wanaoijua mitishamba vizuri. Ni kweli, na wasikilizwe. Kumwita mama mezani si kumwondoa baba.

Basi tufanye nini? Kwa mhudumu wa afya, kazi huanza kwa kuuliza bila kukemea. Mama akitaja mmea, andika jina kwa Kimachame kama alivyolitamka, andika sehemu inayotumika, namna inavyotayarishwa na kijiji ilikochumwa. Mwombe alete tawi lenye maua au matunda. Tawi hilo likibanwa katika magazeti makavu na kukaushwa vizuri, linaweza kutambuliwa na wataalamu wa Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyoko Arusha. Kituo kikikusanya vielelezo kidogo kidogo kwa mwaka mmoja kitakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukipatia.

Kwa mgonjwa nasema hivi: usione haya. Ukitumia majani, magome au mizizi, sema. Na mtu akidhurika, leteni mabaki ya mmea pamoja naye. Mnaotujulisha mnatufundisha.

Kwa wazazi, jambo ni la saa za jioni. Binti wa Machame anayekata majani ya ng'ombe na kuchuma mboga anajifunza mimea mingi kuliko kaka yake anayesoma mezani, lakini kaka ndiye anayepata muda wa kuandika. Wagawane kazi ili wagawane na vitabu. Wanawake wa Nronga walipounda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988 walionyesha kuwa kazi ya mama ikipewa daftari na uongozi wake inakuwa taasisi. Ujuzi wa mimea unastahili vivyo hivyo.

Kwa walimu wa shule zetu, ikiwemo ile ya sekondari ya wasichana hapa hapa Machame, kihamba ni maabara isiyohitaji umeme. Mwanafunzi achume mnafu wa aina mbili, alinganishe maua, matunda na majani, kisha aulize kwa nini vinatofautiana. Hapo somo la mageuko litaacha kuwa sura ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Na kwa vyuo vikuu, kikiwemo hiki kinachochapisha jarida hili, naomba mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa tiba na famasia washirikishwe na wa botania katika utafiti wa mimea inayotumiwa na wagonjwa wetu. Pili, majina ya akina mama wanaotoa ujuzi yatambuliwe katika maandishi kwa ridhaa yao, wasiishie kuitwa "wenyeji" katika sentensi moja ya shukrani.

Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 11 Februari kuwa siku ya wanawake na wasichana katika sayansi. Hotuba za siku hiyo ni nzuri, lakini mnafu huchumwa mwaka mzima.

Turudi kwa mama tuliyemwacha kliniki. Leo tunaweza kumjibu, kwa sababu wapo waliokwisha kuuliza kabla yetu. Mama, endelea kula mnafu ulioupika vizuri, ule unaoujua tangu kwa mama yako. Yale matunda ya kijani yatupe, na watoto wasiyachezee. Tia limau, chai iwe baadaye, na vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa usiviache, kwa kuwa mboga haichukui nafasi yake. Hilo ni jibu kamili la mmea mmoja. Kihambani kwake kuna mingine mingi ambayo hatuna jibu lake, na yule atakayelitafuta huenda ndiye binti aliyembeba mdogo wake mgongoni, aliyesimama nje ya mlango wa kliniki akimngojea mama yake.